Kuosha na Kucheza Santuri za Zamani Pwani ya Kusini: Mwongozo Kamili

Ujumbe unaonifikia kutoka Mtwara, Lindi, Newala na Kilwa unafanana: "Mzee, nimeikuta santuri ya babu sandukuni, nimeiosha vizuri, mbona inakwaruza kuliko kabla sijaiosha?" Nikiuliza imeoshwa na nini, naambiwa maji ya bomba na sabuni ya unga, au spiriti ya duka la dawa, au mafuta ya taa. Nikiuliza imechezwa wapi, ni pleya iliyokaa darini miaka na mikaka, na sindano yake ni ileile iliyokuja nayo.

Mimi maisha yangu yote nimeishi na magari makuukuu na santuri, na ugonjwa wao ni mmoja. Gari lililolala miaka mingi haliharibiki likiwa limelala. Linaharibika siku mtu anapopiga stati bila kuangalia oili. Santuri nyingi nilizoletewa zikiwa hazifai tena hazikuuawa na uzee. Ziliuawa wiki ileile zilipotolewa sandukuni, na mtu aliyezipenda sana.

Historia ya muziki wenyewe tuwaachie wengine. Hapa tunafanya kazi: kutoka santuri yenye ukungu hadi sauti safi, bila kupunguza uhai wake.

## Kusanya vifaa kwanza

Usianze kuosha ukitarajia kumtuma mtoto dukani katikati ya kazi. Santuri iliyolowa haisubiri.

- Maji yaliyokenekwa (distilled water), lita 5 kwa santuri kama 20. Nitayaeleza peke yake, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na losheni ya mikono. Utatumia matone tu.
- Brashi mbili laini: moja ya kazi kavu, moja ya kazi ya maji. Brashi mpya ya kunyolea ndevu ni nzuri sana. Brashi mpya ya rangi ya inchi 2 inafaa pia, kama nywele zake hazichomi ukizipitisha shavuni.
- Vitambaa vinne vya maikrofaiba, vile vya kufutia magari. Viwe vipya. Kitambaa kilichowahi kugusa polishi ya gari kina silikoni, na silikoni ikiingia kwenye mfereji wa santuri, ule mstari mwembamba inamopita sindano, hutaitoa.
- Mabeseni mawili mapana, kila moja lisipungue sentimita 40.
- Chupa ya kupulizia maji.
- Kichanja cha kukaushia vyombo, kile chenye mistari ya kusimamishia sahani.
- Barakoa, glavu, tochi.
- Vifuniko viwili vya plastiki, kipande cha tyubu ya baiskeli, na bolti ya milimita 6 (ile ya spana namba 10) na nati yake. Hivi ni vya kulinda lebo.
- Karatasi safi za kutengenezea mifuko ya ndani. Kwa sahani ndogo, karatasi ya A3 inatosha. Kwa LP, ile sahani kubwa ya nyimbo nyingi, A3 haitoshi, kwa sababu LP ina sentimita 30. Nunua zile karatasi kubwa za semina zinazotundikwa kwenye ubao wa miguu mitatu.
- Mizani ndogo ya sonara inayopima sehemu za gramu.

### Kuhusu "maji ya betri"

Maji ya bomba na ya kisima ya ukanda wetu yana chumvi na chokaa. Ukiyatumia, maji yatakauka lakini chumvi itabaki chini ya mfereji. Mfereji wa LP upana wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Chembe moja ya chumvi humo ndani, kwa sindano, ni kokoto. Ndiyo ule mkwaruzo ulioanza baada ya kuosha.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, chumvi inabaki palepale. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Yanafaa kwa suuza ya kwanza tu. Na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo mafundi wengi wanayakinga kwa ajili ya betri, yamepita kwenye mapezi yenye vumbi na ukungu. Unaosha ukungu kwa ukungu.

Unachotaka ni maji yaliyokenekwa, yanayouzwa kwenye maduka ya spea za magari. Hapa sikiliza kwa makini. Ukiingia dukani ukasema "nipe maji ya betri", unaweza kupewa maji ya kuongezea betri, na unaweza pia kupewa tindikali ya kujazia betri mpya. Wauzaji wengine huviita vyote kwa jina moja, na chupa zinafanana.

Soma maandishi ya chupa. Kama bado una shaka, au chupa imeshafunguliwa, chukua kipande cha jiwe la matumbawe, yale yanayojengea nyumba za Mikindani na Kilwa, ukiweke chini nje ya nyumba. Dondoshea matone mawili matatu ukiwa umesimama mbali kidogo, umevaa glavu na miwani. Tindikali itachemka na kutoa povu juu ya jiwe. Maji yatalowesha jiwe tu. Ikitoa povu, funga chupa, irudishe dukani, na usiiache mahali watoto wanapofika.

## Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Kosa la hatua hii halina dawa, kwa hiyo usiliruke.

Kuna santuri za lakiri na kuna santuri za vinaili. Ya lakiri ni ile nzito, ngumu, ya sentimita 25 mara nyingi, inayozunguka mara 78 kwa dakika, dakika kama 3 kila upande. Ukiigonga ukingo kwa ukucha inalia kikavu, kama sahani ya udongo. Hainepi mkononi, ukilazimisha inapasuka. Ya vinaili ni nyepesi, inanepa kidogo, ukiigonga inatoa sauti butu. Humo mna LP za mizunguko 33 na theluthi, na zile ndogo za sentimita 17 na nusu za mizunguko 45, ambazo bendi zetu za dansi zilijaa humo: muziki ukirekodiwa Radio Tanzania, sahani zikichapwa Nairobi.

Kwa nini ujue? Lakiri ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India na majirani zake, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi. Utomvu huo unayeyuka kwenye pombe. Spiriti, isopropili, kolonya, vyote vinaula. Dakika moja inatosha kufuta nota za tarabu zilizodumu tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Wapo waliojaribu hata gongo ya mabibo, kwa hoja kwamba ni ya asili. Ni ya asili kweli, na ni pombe kweli.

Onyo: usiamini ukubwa peke yake. Angalia lebo, kama imeandikwa 78, ichukulie kuwa ni ya lakiri hata kama una wasiwasi.

Panga marundo mawili. Kisha katika kila rundo chagua ile iliyochakaa kuliko zote, ambayo hata ikiharibika hutalia. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Ile ya babu mwenyewe iwe ya mwisho, mkono wako ukishazoea.

Umefaulu ikiwa: una marundo mawili na unajua kila moja ni la aina gani.

## Hatua ya 2: Toa ukungu ukiwa mkavu

Ukungu ule mweupe wa madoadoa ndio kadi ya utambulisho wa santuri ya pwani. Watu wanaukimbilia kwa maji. Ukiulowesha kabla ya kuupunguza, unaufanya uji na kuusukuma chini ya mfereji.

Toka nje, kivulini, simama upepo ukiwa mgongoni kwako. Vaa barakoa, vumbi la ukungu linakera mapafu, na mwenye pumu ampe mtu mwingine kazi hii. Pitisha brashi kavu kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Kung'uta brashi kila baada ya mzunguko mmoja.

Mfuko wa karatasi wa ndani wenye ukungu, choma. Kava la nje lenye picha, lipige brashi na liache mahali pakavu penye hewa siku kadhaa, mbali na santuri yenyewe.

Onyo: usiianike santuri juani "iue ukungu". Vinaili huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na juu ya bati au saruji ya Mtwara saa sita mchana joto hilo si la kutafuta.

Jambo la msimu. Kuosha kwingi mimi nakufanya kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zimekwisha na hewa haina unyevu mwingi. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo mikorosho inapigiwa salfa, na upepo wa kusi unaleta unga wake mpaka ndani. Kama unakaa karibu na mashamba, funga madirisha ya upande wa upepo kabla hujafungua kava hata moja.

Umefaulu ikiwa: ukimulika kwa tochi ubavuni, madoa yamebaki kama kivuli hafifu, hakuna unga unaosimama.

## Hatua ya 3: Vika lebo kofia

Lebo ni karatasi. Ikilowa rangi inatoka, na lebo iliyofutika imepoteza jina la bendi, namba ya sahani, kila kitu anachotafuta mkusanyaji mwenzako.

Chukua vifuniko viwili vya plastiki. Kwa LP na sahani ndogo, viwe na upana wa kama sentimita 10. Kwa za 78, ambazo lebo yake ni ndogo, sentimita 8 hadi 9. Kipimo cha kweli ni macho yako: kifuniko kifunike lebo yote na kisiguse mifereji yenye muziki. Toboa katikati. Kata duara la tyubu ya baiskeli, ulibandike pembezoni mwa kila kifuniko kwa upande wa ndani. Weka santuri katikati, pitisha bolti, kaza nati kwa vidole.

Kwa vidole nimesema. Sisi watu wa gereji tukishaona nati mkono unatafuta spana. Ukikaza kwa spana kwenye lakiri utasikia mlio ambao hutausahau.

Umefaulu ikiwa: umepulizia maji kidogo kuzunguka kifuniko, ukafungua, lebo ni kavu.

## Hatua ya 4: Osha

Kwa rundo la vinaili: lita 1 ya maji yaliyokenekwa, matone 3 ya sabuni. Kama umepata isopropili safi kwenye duka la vifaa vya elektroniki, unaweza kuongeza mililita 100. Inasaidia kukata mafuta ya vidole na kuharakisha kukauka. Si lazima. Spiriti ya bluu na ile ya kusafishia vidonda zisitumike hata kwa vinaili, kwa sababu zina vitu vingine vilivyoongezwa ambavyo hubaki baada ya kukauka.

Kwa rundo la lakiri: lita 1 ya maji yaliyokenekwa, matone 2 ya sabuni, basi.

Mimina kwenye beseni. Simamisha santuri ndani ya maji ukiishika kwa kofia yake, iegemee kidogo, na uizungushe polepole huku brashi laini ikifuata mfereji. Mizunguko kumi upande mmoja, kumi upande wa pili. Usikandamize. Kinachosafisha ni maji na sabuni; brashi inavifikisha tu.

Lakiri isikae ndani ya maji zaidi ya dakika moja au mbili. Ule unga wa mawe ulio ndani yake hunywa maji, na kama kuna ufa, maji huingia na kuufungua. Yenye ufa usiitumbukize kabisa: ifute kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa.

Maji yakibadilika rangi, yamwage. Wengi wanaosha santuri ishirini kwa beseni moja kwa kubana matumizi, na ya ishirini inaoshwa na uchafu wa kumi na tisa. Badilisha baada ya kila tano, au mapema zaidi kama zilikuwa na ukungu.

Na zile njia za mtaani: mafuta ya taa, mafuta ya nazi ya "kung'arisha", dawa ya meno, dawa za kulegeza bolti zilizoshika kutu. Zote hufanya santuri ing'ae siku hiyo. Mafuta hubaki mferejini, yanakusanya vumbi, na sindano inasaga mchanganyiko huo ukutani mwa mfereji. Santuri haihitaji kung'aa. Inahitaji kuwa tupu.

Umefaulu ikiwa: maji yanateremka usoni mwa santuri kama utando mmoja, hayajigawi kwenye matone yanayokimbia sehemu zenye mafuta.

## Hatua ya 5: Suuza mara mbili, kausha pole

Wengi huosha vizuri halafu wanaharibu hapa kwa kufuta sabuni badala ya kuisuuza.

Suuza ya kwanza: beseni la pili, maji ya kunywa ya chupa yanatosha, zungusha mara tano. Suuza ya pili: maji yaliyokenekwa kwa chupa ya kupulizia, ukiwa umeshika santuri wima, pande zote mbili mpaka yatiririke. Hii ya pili ndiyo inayofukuza chumvi za ile ya kwanza, usiifanyie ubahili.

Futa matone kwa kitambaa cha maikrofaiba, ukigusa tu, ukifuata mzunguko. Vua kofia. Simamisha kwenye kichanja, ndani ya nyumba, mbali na jua. Usiwashe feni ikielekea huko. Feni ya dari ya pwani ni kiwanda cha vumbi.

Acha hadi asubuhi. Mtu mwenye haraka atasema saa moja inatosha, maana uso umekauka. Uso si mfereji. Ukiifungia na unyevu, ukungu utarudi kabla ya mwezi kuisha.

Umefaulu ikiwa: ukiimulika kwa tochi ubavuni, mwanga unatembea kwenye mifereji bila kukutana na utando mweupe. Ukiuona utando, rudia suuza ya pili peke yake. Huna haja ya sabuni tena.

## Hatua ya 6: Kagua pleya kabla haijaigusa santuri

Santuri safi kwenye pleya mbovu ni hasara kubwa kuliko santuri chafu iliyoachwa sandukuni. Hapa nitakaa kidogo.

Sindano. Mfereji wa 78 ni mpana. Ncha ya sindano yake ni kubwa mara tatu hadi nne kuliko ya LP. Sindano ya LP ikiingia kwenye 78 inatambaa chini kabisa, kwenye takataka, na sauti inakuwa kelele tupu. Sindano ya 78 ikipanda juu ya LP inabomoa kuta. Pleya nyingi za zamani zina kitasa kidogo mbele ya mkono kinachogeuza sindano: upande mmoja 78, upande wa pili LP. Kigeuze kwanza. Na kama hujui umri wa sindano, nunua mpya. Sindano iliyolika ina kingo kali, inakata.

Gramafoni ya kukuruta. Ni ya 78 tu. Kichwa chake kinakandamiza kwa zaidi ya gramu 100. LP inataka gramu 2 hivi. Ukiweka LP hapo, mara moja tu, umeimaliza. Sindano za chuma za gramafoni hutumika upande mmoja wa sahani, kisha hutupwa, kwa sababu ule unga wa mawe ndani ya lakiri umetiwa makusudi kuinoa sindano ikae sawa na mfereji. Sindano ya cherehani, msumari, mwiba wa mchongoma: hapana, kaka, hapana, dada.

Uzito wa mkono. Weka mizani ya sonara mahali pa santuri, kwa kimo kilekile kadiri inavyowezekana, teremsha sindano taratibu juu yake. Pleya za kisasa: gramu 1.5 hadi 2.5. Zile za zamani zenye kichwa cha kauri: gramu 3 hadi 5. Kupunguza mno pia ni kosa. Sindano inarukaruka na kugonga kuta.

Kasi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya kuzungushia, washa saa ya simu, hesabu. Kwa 45: mizunguko 15 kwa sekunde 20. Kwa 78: mizunguko 39 kwa sekunde 30. Kwa 33 na theluthi: mizunguko 100 kwa dakika 3.

Ikiwa polepole, sababu ya kwanza ni mkanda. Mpira wa mkanda kwa joto letu hulegea, na mwishowe huyeyuka ukawa kama lami. Usiweke mpya juu ya lami hiyo. Safisha kwa isopropili kwanza, puli na ndani ya sahani.

Sababu ya pili inawasumbua wanaonunua pleya za mtumba kutoka Marekani. Wanajua kwamba zinataka volti 110, wananunua transfoma, na bado mwimbaji anaimba kama mgonjwa. Mota nyingi za pleya hizo hufuata mapigo ya umeme, si volti. Kwao ni mapigo 60 kwa sekunde, kwetu 50. Iliyokusudiwa kuzunguka mara 33 itazunguka karibu 28, na transfoma haibadilishi hilo. Inahitaji puli ya 50, au inverta inayotoa mapigo 60. Uliza kabla hujalipa.

Betri ya gari. Najua mtauliza, maana mimi mwenyewe ndiyo raha yangu, muziki shambani bila umeme. Pleya ndogo za mkoba zilizokuwa zinatumia mawe makubwa 6 zinataka volti 9. Betri ya gari ni 12, na injini ikiwaka inapanda hadi 14. Ukiunga moja kwa moja unaihatarisha mota na saketi yake. Mwambie fundi redio akuwekee regulata ya volti 9 na fyuzi ndogo karibu kabisa na betri. Fyuzi si pambo: waya wa betri ya gari ukigusana, unawaka moto kabla hujafikia spana.

Sauti ndogo na nyembamba. Umeunga pleya kwenye redio kubwa, sauti inasikika kwa mbali na haina besi. Santuri ni nzima na spika ni nzima. Kichwa cha pleya yako ni cha sumaku, kinatoa milivolti chache tu, na kinahitaji kikuza sauti cha awali kabla ya kuingia tundu la AUX. Redio nyingi za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO, jaribu hilo. Kama kuna mngurumo, tafuta waya mwembamba wa ethi nyuma ya pleya na uufunge kwenye bodi la redio.

Umefaulu ikiwa: kasi imekubali hesabu, uzito umejulikana kwa namba, na sindano ni ya mfereji unaouchezea.

## Hatua ya 7: Mara ya kwanza

Cheza ile iliyochakaa. Baada ya dakika moja inua mkono, utazame sindano kwa tochi. Ikiwa na kifungu cha uchafu, pitisha brashi kavu kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume chake, na usipulize kwa mdomo. Mate yana chumvi pia.

Ukiicheza mara ya kwanza sindano huzoa mabaki. Mara ya pili ndiyo ya kuhukumu. Sikia hivi:

Mkwaruzo wa "tik, tik" kwa mpangilio uleule kila mzunguko ni mchubuko. Hauoshwi, uzoee. Mvumo wa mchanga unaoendelea mwanzo hadi mwisho ni chumvi au ukungu uliobaki. Rudi Hatua ya 4. Sauti inayopasuka hasa mwimbaji anapopanda juu, na zaidi karibu na lebo, ni sindano iliyolika, au mfereji ulioharibiwa na sindano kama hiyo zamani. Jaribu sindano mpya kabla hujailaumu santuri. Sauti inayopanda na kushuka kama mlevi: tundu la katikati limelika au santuri imepinda.

 

## Hatua ya 8: Iliyopinda

Kama sindano inapita bila kuruka, iache ilivyo. Nimeona santuri nyingi zilizopinda kidogo zikigeuzwa zisizochezeka na watu waliotaka ziwe bapa kama meza.

Kama inaruka, mwombe fundi wa madirisha akukatie vioo viwili vya milimita 5, sentimita 35 kwa 35, kingo zipigwe msasa. Weka santuri iliyooshwa katikati, laza mezani, juu yake weka kilo 5 za vitabu zikiwa zimesambaa. Chumbani, si juani. Vinaili inataka wiki kadhaa. Lakiri inalegea upesi: vioo viwili, jua la asubuhi dakika 10, ondoa juani, weka uzito, acha ipoe humohumo kabla ya kufungua. Hewa moto ya kukaushia nywele, pasi, oveni, tuziache kwa kazi zake.

## Hatua ya 9: Kuhifadhi pwani, na kubeba kwa gari

Zisimame wima, zibanane kiasi cha kuingiza kidole, kila moja na mfuko mpya wa karatasi. Ile mifuko laini ya plastiki inayong'aa, kwa joto letu, huacha alama usoni mwa santuri, itoe.

Kabati lisiguse ukuta. Nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mikindani na mji wa zamani wa Lindi, kuta zake hupumua unyevu msimu wa mvua. Acha nafasi ya kiganja. Chini kuwe na miguu au matofali, kwa ajili ya mchwa, ambao wanakula kava na kukuachia santuri uchi. Sanduku la bati ni zuri kwa mchwa na baya kwa jasho: weka vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ulifungue kila mwezi kati ya Desemba na Aprili.

Ukizifuata santuri Newala au Masasi, usizitie buti la gari la zamani. Chini ya buti kuna eksozi, na magari yetu haya mara nyingi yana mvuke wa petroli humo ndani. Zikae nyuma ya kiti cha mbele, wima, juu ya kipande cha godoro, zikitazama ubavu wa gari ili ukifunga breki zisigongane uso kwa uso. Za lakiri zitenganishwe na maboksi, moja moja. Rafu rodi inazipasua bila hata kuanguka. Funika kwa kanga, siyo turubai jeusi.

Gari lililofungwa vioo juani, dashibodi inapita nyuzi 60, na LP haihitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkisimama njiapanda ya Mnazi Mmoja, ile ya Lindi, kula samaki, ama mmoja abaki na gari kivulini milango wazi, ama boksi lishushwe na likae nanyi chini ya meza.